Upande wa Kulia Ni wa Ajaye

Barabara ya lami itokayo Tunduma hadi Sumbawanga ni mojawapo ya kazi kubwa kabisa zilizofanyika katika nyanda za Ufipa tangu Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974. Kwa miaka mingi mtumishi wa Serikali aliyepangiwa kazi huko alihurumiwa na wenzake kana kwamba amefukuzwa. Mwalimu aliyetoka Mbeya alishinda njiani kutwa nzima, na masika yalipoanza hakuwa na hakika ya siku ya kufika. Mwaka 2008 Serikali za Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698, na barabara hiyo ya kilomita zipatazo 220 ikaingizwa katika mkataba huo pamoja na nyingine, kama ile ya Tanga hadi Horohoro. Leo gari dogo likitoka Katandala alfajiri hufika Tunduma kabla jua halijawa kali, na abiria wake hushuka bila vumbi hata katika nyusi.

Hakuna mwananchi wa Ufipa anayetaka kurudi kwenye vumbi. Lakini ni dhahiri kwamba lami imeleta mwendo, na mwendo umeleta tabia ambayo haikuwa na nafasi katika siku za makorongo. Tabia hiyo ni ya kulipita gari lililo mbele bila kipimo, jambo ambalo madereva wenyewe huliita kuovateki. Zamani dereva aliyekuwa nyuma ya lori alipiga honi, akangoja vumbi litulie, akapiga tena, na mara nyingi akakata tamaa akafuata taratibu. Sasa haoni sababu ya kungoja.

Yafaa ikumbukwe kwamba hii si barabara ya njia nne wala nane. Ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na katikati yake hakuna ukuta wala tuta, bali rangi nyeupe tu. Tanzania hushika kushoto. Kwa hiyo kila anayelipita gari la mbele huingia upande usio wake. Upande ule ni wa yule ajaye kutoka mbele, na anayepita ameuazima kwa sekunde chache bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Kuazima kwa namna hiyo kunaruhusiwa na sheria pale tu ambapo mwenye mali hatahitaji kupunguza mwendo kwa sababu ya mkopaji.

Je, ni sekunde ngapi? Hesabu hii inafaa kuandikwa ubaoni katika shule yoyote ya sekondari. Lori lenye tela lina urefu wa mita zipatazo 18, na basi mita 12. Basi huanza kulipita lori likiwa mita 20 nyuma yake, na halifai kurudi kushoto mpaka liwe limeliacha lori mita 20 nyingine. Jumla ni mita 70 za kupata juu ya mwendo wa lori. Ikiwa lori linakwenda kilomita 60 kwa saa na basi linakwenda 80, ambao ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa kwa mabasi na malori, basi huipata faida hiyo kwa sekunde 12 na nusu hivi. Katika muda huo basi limesafiri karibu mita 280 katika upande wa mwenzake. Gari linalokuja nalo, kama linakwenda 80, limesafiri mita 280. Kwa hiyo dereva wa basi anahitaji kuona mbele yake zaidi ya nusu kilomita iliyo tupu, kabla hajagusa usukani. Kama ajaye anakwenda 120, inahitajika mita 700.

Sasa na aulizwe dereva yeyote wa njia ya Laela ni mahali pangapi anapoziona mita 700 zilizo tupu. Nyanda za Ufipa hudanganya macho. Kwa mbali nchi inaonekana kama meza, lakini ndani yake imejaa mikunjo na mabonde mafupi, na bonde moja tu linatosha kulimeza lori zima pamoja na shehena yake. Asubuhi za Juni na Julai kuna baridi, na pengine ukungu. Mwezi wa Septemba kuna moshi wa nyasi zinazochomwa kandokando ya mashamba. Mstari mweupe usiokatika haukuwekwa pale na mhandisi kwa ajili ya mapambo. Aliupima mlima huo kwa vyombo vyake, akajua kwamba anayeupanda hawezi kuona. Dereva anayeuvuka mstari ule anasema kwamba macho yake ni bora kuliko vyombo vya mhandisi.

Aidha barabara ile si ya magari peke yake. Ufipa ni nchi ya maksai. Mkokoteni uliojaa magunia ya mahindi hutoka shambani kwa mwendo wa miguu ya ng'ombe, na mbele yake hutembea mtoto ambaye pengine siku hiyo angepaswa kuwa darasani. Kuna baiskeli zilizobeba mkaa, na wanawake wanaotoka gulioni. Hao wote wapo upande wa kushoto, ndani ya upande wao halali, na hao ndio wasiohesabiwa na anayelipita lori akitokea mbele. Yeye hutazama kama kuna gari. Akiona mkokoteni, kwake huo si kitu. Atawasha taa kali, na mkulima ataswaga ng'ombe wake mtaroni. Mkokoteni huo mara nyingi hauna taa wala kiakisi mwanga cha nyuma, na hilo ni kosa la kurekebishwa na halmashauri pamoja na wakulima wenyewe, hasa baada ya mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku kuanzia Oktoba 2023. Lakini saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka, kosa la mkulima liko wapi?

Madereva wa masafa marefu wana lugha yao, na kwa sehemu kubwa ni lugha ya utu. Dereva wa lori akiona mbele kuko wazi huwasha taa ya kushoto kumwambia aliye nyuma yake apite. Akiona kuna kitu kinakuja huwasha taa ya kulia, maana yake usithubutu. Gari likiharibika, utingo hukata matawi ya miti akayatandaza barabarani nyuma na mbele, hata kama pembetatu ya sheria imo ndani ya gari au haimo. Haya yote hakuna aliyewalipa wayafanye. Hata hivyo taa ya kulia ina maana nyingine katika sheria: nakata kulia. Dereva wa lori anayetaka kuingia kijijini, na dereva wa lori anayemzuia mwenzake, huwasha taa ile ile. Na ile ya kushoto aweza kuiwasha mtu anayetaka kuegesha tu anunue viazi. Anayepita kwa sababu ya taa ya mwingine amemkabidhi mtu asiyemjua roho za abiria hamsini. Ihesabiwe kuwa salamu njema, lakini haiwezi kuwa kibali.

Katika mji wa Tunduma mambo huchukua sura nyingine. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2019, lakini foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo haijakoma. Foleni hiyo hushika upande mmoja wa barabara, na hapo ndipo huonekana kile kinachoitwa kutanua. Mtu huacha mstari, akajitupa upande wa wanaokuja, na akikutana nao uso kwa uso huchomekea katikati ya malori. Wakitanua watatu, mji mzima husimama. Wala isidhaniwe kwamba dawa ni upana. Kati ya Kimara na Kibaha, barabara ilipanuliwa ikawa na njia nane, na huko huko lori zito hukaa njia ya kulia kabisa kama liko nyumbani kwake, na wenye haraka hulipita kushoto. Njia ya kulia katika barabara ya aina ile ni ya kupitia tu, na kisha mtu arudi kushoto. Anayeikalia anawafanya wenzake wavunje sheria, halafu huwalaumu.

Kuna kundi moja ambalo halina budi kutajwa waziwazi, kwa sababu gazeti hili husomwa na wengi waliomo ndani ya kundi hilo. Hao ni watumishi wa umma wasafirio katika magari ya umma. Gari jeupe lenye namba za STK au SM, taa kali zimewashwa mchana, taa za hatari zinamwekamweka, linakata mbele ya basi kwenye kona. Mandhari hii si ngeni kwa mwananchi yeyote wa Rukwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimtambui mkuu wa idara kama gari la zimamoto. Nafasi ya kupishwa imewekwa kwa ajili ya gari la wagonjwa, zimamoto na polisi wakiwa katika dharura, na taa za hatari ziliwekwa katika gari ili kuonyesha kwamba lenyewe ni hatari kwa wengine kwa kuwa limekwama. Kwa bahati mbaya maana hiyo ya pili imekaribia kuwa kweli kwa njia isiyokusudiwa.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwadharau watu. Wakati ule watu walifikiri juu ya meneja anayewafokea wafanyakazi kiwandani. Lakini ni majivuno gani makubwa kuliko yale ya kumsukumia mkulima mtaroni na magunia yake ili kuwahi semina ya maendeleo ya wakulima? Mkulima yule hajui jina la afisa aliyekaa kiti cha nyuma. Ameona namba tu, na kwa namba hiyo ameijua Serikali.

Watasema baadhi kwamba kosa ni la dereva, kwa maana ndiye anayeshika usukani na ndiye mwenye leseni. Mbele ya hakimu itakuwa hivyo. Lakini dereva wa idara ana mshahara mdogo na bosi mmoja, na anayajua matakwa ya bosi hata kabla hayajatamkwa. Bosi akitazama saa mara mbili, mguu wa dereva unaelewa. Bosi akisema, "Huyu naye vipi, mpite," hiyo ni amri, ingawa haikuandikwa popote. Na akinyamaza wakati mshale umefika 140 huku mlima uko mbele, amekubali. Hakuna mwalimu mkuu atakayekaa kimya akimwona mwanafunzi anachezea wembe. Sababu ya kukaa kimya ndani ya gari ni kwamba haraka ile ni yake mwenyewe.

Haraka hiyo nayo ipimwe. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma kwa mwendo wa 80 ni saa 2 na dakika 45. Kwa 120, kama barabara ingekuwa tupu na hakuna vijiji ambamo mwendo ni 50, ingekuwa saa 1 na dakika 50. Kwa kuwa vijiji vipo, na ng'ombe wapo, na malori yapo, kinachookolewa hakifiki dakika 55. Katika siku ya kawaida pengine ni muda wa kunywa chai na chapati mbili. Afisa wa Katandala mwenye kikao Tunduma saa 3 asubuhi anatakiwa kuwa barabarani saa 11 na nusu alfajiri. Saa hiyo yafaa iandikwe katika daftari la safari za gari, kando ya jina la aliyeidhinisha safari, ili trafiki wa Laela akilisimamisha gari aone ni nani aliyechelewa. Kwa sasa mkuu wa idara huijua saa ya kikao tangu wiki iliyotangulia, na dereva huambiwa asubuhi ile ile, injini ikiwa imekwisha kuwashwa.