Mdogo wangu alitaka kuacha chuo afanye muziki. Nilimwambia angoje

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu usiku, saa tano na kitu. Nikajua kuna jambo, maana mtu wa rika letu hapigi simu usiku ila amekwama. Akasalimia haraka, kisha akalitema: "Braza, nataka kuacha chuo. Nimechoka. Nataka nifanye biti tu."

Nikanyamaza kidogo. Akaongeza: "Si hata wewe uliacha?"

Hapo akanishika pabaya. Niliacha kweli, na sijawahi kumsimulia mambo yalivyokwenda baada ya hapo. Yeye anaona mtu aliyepanga keja yake Nairobi, anayeandika mtandaoni, na ambaye jina lake huonekana kwenye mabango ya shoo mara mojamoja, kwa herufi ndogo kule chini. Hakuona yaliyokuwa katikati. Kwa hivyo haya ni majibu yangu kwake, na kwako pia wewe unayesoma hii ukiwa umekaa nyuma kabisa darasani, hedifoni moja sikioni, unapanga ngoma kichwani.

Msimamo wangu nauweka mapema. Usiache chuo wala kazi kwa sababu ya muziki wa kielektroniki. Na usiuache muziki kwa sababu ya chuo au kazi. Unachohitaji ni saa mbili zinazojulikana, karibu kila siku, ambazo hakuna mtu anazigusa. Nitakwambia nilivyofika hapo.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea ununuzi na ugavi. Mama yetu anauza mitumba Nakuru. Alinitumia Sh28,000 za karo kwa M-Pesa, nikakaa nazo siku mbili. Siku ya tatu nikashuka Luthuli Avenue, nikanunua laptopu iliyotumika na spika mbili. Nikajiambia karo nitairudisha kwa pesa za shoo ya kwanza. Mama nilimwambia ukweli baada ya miezi minne. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hivyo zile ulizoomba za mtihani, zilikuwa za nini?"

Zilikuwa za kodi ya nyumba.

Sasa, sababu yangu kubwa ya kuacha ilikuwa kwamba chuo kinanimalizia muda. Basi nikaupata muda wote. Nilikuwa naamka saa sita mchana, nafungua laptopu, natengeneza kipande cha baa nane, kinanibamba, nakizungusha saa nzima. Halafu naingia YouTube kumtazama jamaa akifundisha namna ya kupanga besi, natoka huko saa kumi jioni. Kesho yake naanza kingine. Baada ya miezi saba nilikuwa na biti 61 kwenye folda, na hakuna hata moja iliyokuwa na mwisho. Ukiwa na siku nzima, hakuna kinachokulazimisha kumaliza kitu.

Mwezi wa nane landilodi aliweka kufuli lake juu ya langu. Nilimwomba anifungulie nitoe spika nikaziuze, nimlipe. Akasimama mlangoni akinitazama nikizifunga kwa shuka. Zilienda kwa nusu ya bei niliyonunulia, na deni halikuisha.

Kazi niliyopata baada ya hapo ni ya saiba: kuchapisha, kuskani, kuwajazia watu fomu za eCitizen na ritani za KRA. Ukifika mwezi wa sita, foleni inatoka hadi nje. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni. Nilidhani hapo muziki umekwisha. Nikajaribu kufanya biti jioni, nikashindwa. Macho yamechoka na skrini, kichwa kimejaa nambari za vitambulisho vya watu. Nikahamia alfajiri, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu. Majirani wamelala, kwa hivyo ni hedifoni tu. Data nimezima. Mwaka ule wa kwanza wa saiba nilimaliza ngoma nne. Si nyingi, lakini zote nne zina mwanzo na mwisho, na moja ndiyo iliyonipatia shoo yangu ya kwanza ya kulipwa.

Unajua, muziki huu una tabia yake. Bendi ikiwa na mazoezi Alhamisi, usipofika watu wanne watakuuliza uko wapi. Sisi tunafanya kazi peke yetu ndani ya chumba, na hakuna mtu anayejua kama leo ulikaa kitako au ulilala. Programu nayo haikuambii "imetosha". Daima kuna sauti nyingine ya kujaribu na kiki nyingine ya kubadilisha. Usipojiwekea mpaka mwenyewe, hakuna atakayekuwekea, na hiyo ndiyo sababu kijana mwenye kazi ya mchana anaweza kumpita aliyeshinda nyumbani.

Mimi nimezigawa zile saa mbili kwa siku. Jumatatu na Jumanne ni za kubuni: ngoma, besi, melodia, chochote kinachokuja. Jumatano napanga wimbo wote kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama sehemu nyingine ni mbovu. Alhamisi nasawazisha sauti. Ijumaa sifungui laptopu kabisa. Naisikiliza ile kazi kwa simu, kisha kwa spika ya saiba bosi akitoka. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini sana, kwa hivyo besi uliyoiona tamu kwenye hedifoni inaweza kupotea kabisa, na wasikilizaji wako wengi wako kwenye simu. Jumamosi nafanya mazoezi ya u-DJ. Jumapili nafua nguo, nalala, nampigia mama.

Ile Jumapili usiichukulie kama mzaha. Masikio ndiyo mtaji wako. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda huo unavyopungua haraka. Ukishinda na hedifoni juu alfajiri, kisha mat yenye spika chini ya kila kiti, kisha klabu usiku, hesabu yako inaisha mapema sana. Nunua vizibo vya masikio. Hata vile vya bei ya chini ni bora kuliko kujiona mgumu.

Kuna kitu kingine nilichomwambia mdogo wangu ambacho kiliniuma kukisema. Nilipoacha chuo nilidhani naacha masomo tu, kumbe niliacha watu. Blinky Bill, Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya hawakukutana kwenye tamasha kubwa. Walikutana wakiwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kutoka hapo ikatoka Just A Band, albamu ya Scratch to Reveal mwaka 2008, na video ya Ha-He mwaka 2010 iliyomleta Makmende ambaye mtandao mzima ulikuwa unamzungumzia. Huyu anajua kuchora, yule anajua kamera, mwingine ana kinanda. Chuoni watu hao uko nao bure, kila siku, na wote wana muda. Ukishatoka, kumpata mtu mmoja wa kukusikilizia ngoma kwa makini ni kazi ya wiki mbili.

Na usidhani maisha ya kawaida yanakuibia muziki. Mtazame KMRU, kijana wa Nairobi, jina lake Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe wa nyimbo za Kikuyu. Amejijengea jina kimataifa kwa kurekodi sauti za mazingira na kuzigeuza muziki. Albamu yake ya Peel ilitolewa mwaka 2020 na Editions Mego, lebo ya Ulaya inayoheshimiwa sana katika muziki wa aina hiyo. Sikuambii umwige. Nakwambia sikiliza unapopita. Mimi nina sauti ya printa yetu ya saiba ikikwama karatasi, na nimeitumia kama hai-hati katika ngoma mbili. Nina utingo wa mat akipiga bodi ya gari kumwambia dereva aondoke. Kama ningebaki kitandani hadi saa sita mchana, hizo sauti ningezitoa wapi?

Halafu hili suala la vifaa. Wengi mnaahirisha mkisema mtaanza mkipata kontrola fulani au spika fulani. Nenda kasikilize singeli ya Dar es Salaam, muziki unaokwenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika wakati hausi ya kawaida iko karibu na 120. Ulizaliwa uswahilini, na studio za mtaani. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wa kazi kutoka studio moja ya Dar, na tangu hapo singeli imechezwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Hakuna aliyewauliza kompyuta yao ni ya mwaka gani. Kama unataka kufundishwa na watu wanaojua, hapa Nairobi kuna Santuri, ambao wamekuwa wakiwafunza vijana utayarishaji na u-DJ. Mshahara wa kazi ndogo unaweza kukufikisha huko. Deni la landilodi haliwezi.

Hapo ndipo kazi inapokusaidia kwa njia ambayo watu hawaisemi. Nilipokuwa nasota, nilikubali kila shoo. Kuna baa moja nilipiga kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa, na mwenyewe akaniambia "tuonane Jumatatu". Jumatatu hiyo haijafika hadi leo. Nilirudi kupiga hapo tena mwezi uliofuata, kwa sababu nilihitaji hata nauli. Siku hizi mtu akiniambia hana bajeti lakini nitapata jina, namjibu kwa heshima kwamba sitaweza. Naweza kusema hivyo kwa sababu kodi imeshalipwa na saiba. Mwenye njaa hana nguvu ya kukataa, na wenye baa wanajua.

Kwa hivyo na nyinyi mnaotuita kupiga, nawaambia bila kuzunguka: mnamlipa mlinzi, mnamlipa mpishi, mnalipa bia kabla haijashuka kwenye lori. Mlipeni na DJ usiku huohuo, kiasi mlichokubaliana. Kijana hafai kuchagua kati ya muziki na chakula kwa sababu ya mtu aliyejaza ukumbi wake kwa jasho la huyo kijana.

Najua utaniambia kuna walioacha chuo na wakatoboa. Wapo. Unawajua kwa sababu walitoboa. Wale waliorudi ushago na laptopu iliyokufa betri hawana mabango mjini. Sisemi pia kwamba chuo ni kitakatifu. Kuna kozi ambazo mtu aliingizwa kwa sababu ya alama tu, na kuna nyumba ambazo karo haipo kabisa. Ikiwa ni lazima utoke, toka kama mtu mzima. Maliza muhula. Waambie nyumbani kabla ya kutoka, usingoje miezi minne. Uwe na kazi, au kodi ya miezi mitatu mkononi. Pesa iliyotumwa kwa karo, irudishe. Mimi nimemrudishia mama Sh19,500 kufikia sasa. Hajawahi kunidai, na hilo ndilo linalonifanya nitume kila mwezi.

Haya yote nilimwambia mdogo wangu usiku ule. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"Saa kumi na nusu? Ya alfajiri?" akauliza.

"Ya alfajiri."

"Wee. Hiyo ni ngumu."

Nikamwambia kama hiyo ni ngumu, asubiri kuona mwezi wa nane. Tukakubaliana hivi: amalize muhula, na kabla mwezi haujaisha anitumie ngoma moja iliyokamilika. Si lazima iwe nzuri, bora iwe na mwisho. Baada ya hapo tutazungumza tena mambo ya kuacha.

Juzi akanitumia. Dakika mbili na sekunde arobaini. Besi imezidi, na pale mwisho ameikata ghafla kama stima imepotea. Lakini mwisho upo. Nimeisikiliza mara tatu kwenye mat nikielekea saiba, na chini ya ile biti, ukitega sikio, unasikia wenzake wakicheka huko hosteli.