Ushindi Uhesabiwe Bandarini

Kabla ya muhula huu kwisha, Chama cha Michezo ya Mezani kitapiga kura juu ya sheria moja ya mchezo wa merikebu za angani. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini sheria hiyo yafaa ibadilishwe, maana jambo lenyewe lawahusu hata wale ambao hawajapata kushika dadu.

Kwa faida ya wazazi na wengine wasioujua mchezo huu, nitaueleza kwa kifupi. Asili yake ni Uingereza na Marekani, ambako watu wamependa kubuni dunia ambayo katika zama za Malkia Victoria, aliyetawala toka mwaka 1837 hata 1901, mataifa yalikuwa na manowari za kuruka, zenye mabomba ya moshi na mizinga ubavuni. Mambo hayo hayakuwako. Mfaransa Henri Giffard aliruka kwa puto lenye injini ya mvuke mwaka 1852, akaenda kilometa 27 hivi kutoka Paris, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 3 tu. Merikebu ya kwanza ya Zeppelin, Mjerumani, ilipaa Julai 1900, Malkia akiwa amebakiwa na miezi sita na ushei ya kuishi. Lakini mchezo ni mchezo. Twachora vyumba vya pembe sita juu ya karatasi kubwa, twaweka kete za kadibodi, na vita vyaanza.

Katika vita tunavyovipenda zaidi, merikebu 4 za biashara hutoka upande mmoja wa meza kwenda bandari ya upande wa pili, zikienda vyumba 2 kwa kila zamu. Manowari 2 zenye mwendo wa vyumba 4 huzisindikiza. Maharamia 3, wenye mwendo wa vyumba 5, hujificha mawinguni, na mahali pao huandikwa katika kikaratasi ambacho mwamuzi peke yake hukiona. Kila mchezaji huandika amri zake kwanza, kisha wote husogeza kete pamoja.

Sasa alama. Kuangusha haramia ni alama 5. Kufikisha merikebu ya biashara ni alama 2, na haramia akiichoma, alama 2 hizo huwa zake. Hapo ndipo penye ubaya. Mwenye manowari hupiga hesabu upesi akaona haramia mmoja ni sawa na merikebu mbili na nusu. Basi haramia wa kwanza akitoa pua nje ya wingu, manowari zote mbili humkimbilia, na merikebu za biashara huachwa zikijikokota peke yake kama kuku waliosahauliwa nje ya banda. Nimeuona mchezo ambao walinzi walitangazwa washindi kwa alama 10 dhidi ya 8, ilhali bandarini haikufika hata merikebu moja. Watu wakapiga makofi.

Na ni nani wanaopewa merikebu za biashara? Ni wadogo wetu wa Kidato cha Kwanza. Wakubwa hushika manowari na maharamia. Wadogo husogeza vyumba viwili viwili na kungoja kuchomwa. Mmoja wao aliuliza kama anaweza kuomba msaada. Aliambiwa kwamba kazi yake ni kuwa chambo.

Wanaoitetea sheria ya sasa husema kwamba ndivyo vita vilivyo. Sivyo. Mwaka 1917 nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha merikebu nyingi hata Uingereza ikaogopa njaa. Wakuu wa jeshi la majini walikuwa wakipenda kuzituma manowari zizunguke baharini kuwinda nyambizi, wakapata kidogo sana, maana bahari ni kubwa. Mwaka ule ule walikubali kuzikusanya merikebu za biashara katika misafara na kuzisindikiza, na hasara ikapungua. Juu ya misafara hiyo ziliruka merikebu za angani za kweli, yaani maputo marefu yaliyojazwa haidrojeni, yenye injini na watu wachache chini yake. Mwendo wake ulikuwa wa polepole, na hiyo ilikuwa sifa, kwa kuwa yaliweza kukaa na msafara kwa saa nyingi. Nyambizi yalizoangamiza ni chache mno. Lakini nyambizi ilipoliona puto ilijificha chini ya maji, na huko chini haikuwa na mwendo wa kuufuata msafara. Kwa hesabu yetu ya haramia aliyeangushwa, watu wale wangeondoka karibu mikono mitupu.

(Novemba ya mwaka huo huo merikebu ya angani ya Kijerumani, L59, ilitoka Bulgaria na mzigo wa tani 15 hivi, kuja kumsaidia Lettow-Vorbeck katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Iliitwa irudi ilipokuwa imeipita Khartoum kidogo. Kama kuna atakayetunga mchezo juu ya safari hiyo, mimi nitacheza.)

Mwenzetu mmoja hupenda kutaja habari ya puto K-74 la Wamarekani. Usiku wa tarehe 18 Julai 1943, karibu na Florida, puto hilo liliiona nyambizi U-134 juu ya maji. Amri ya jeshi ilikuwa kukaa mbali, nje ya shabaha, na kuziita ndege au manowari. Nahodha Nelson Grills aliiacha amri hiyo akashambulia, nalo puto likapigwa likaanguka baharini. Watu 10 walikuwamo. Tisa waliokolewa, wa kumi aliuawa na papa muda mfupi kabla ya msaada kufika. Mwenzetu husema, mwaona, mlinzi mwema hushambulia. Nami namwuliza, kwa nini alishambulia? Kwa sababu nyambizi ile ilikuwa ikizielekea merikebu mbili za biashara, moja ya mafuta. Hazikuzamishwa. Kwa alama za sasa Grills amepata 4 tu, chini ya mtu aliyetelekeza msafara mzima akaangusha haramia mmoja. Kama hesabu hiyo ni ya haki, basi sijui maana ya neno haki.

Wako wazazi wanaoona kwamba mchezo wa vita juu ya meza ni kupoteza wakati wa masomo, au ni kufundisha uharamia. Hao nawajibu kwa mji wa Liverpool. Mwaka 1942 Kapteni Gilbert Roberts, aliyekuwa ameondolewa kazini kwa ajili ya kifua kikuu, alirudishwa akapewa chumba, chaki, na wasichana wa jeshi la majini. Walichora bahari sakafuni wakacheza upya mapigano ya misafara. Kwa kucheza waligundua kwamba nyambizi zilikuwa zikiingia katikati ya msafara kwa nyuma, mahali ambapo walinzi hawakupatazama. Maofisa 5,000 hivi walifundishwa katika chumba hicho. Na swali walilojiuliza lilikuwa jinsi ya kuufikisha msafara.

Kuhusu maharamia pia, sheria yetu ni ya kipuuzi. Haramia hana faida na merikebu iliyoungua. Septemba 2008 maharamia wa Somalia waliiteka MV Faina iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33. Hawakuizamisha, waliishika mpaka wakalipwa fidia, ikaachiwa Februari 2009. Nazo manowari za Ulaya zilipokuja Desemba 2008, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuzilinda merikebu za chakula cha msaada zilizokuwa zikienda Somalia. Chakula kilipofika, kazi ilikuwa imefanyika, hata kama hakuna haramia aliyeonekana.

Napendekeza hivi: merikebu ya biashara inayofika, alama 5. Haramia aliyeangushwa, sifuri. Haramia apate alama 5 kwa merikebu aliyoiteka nzima akaitoa nje ya meza, na sifuri kwa aliyoichoma. Najua itasemwa kwamba walinzi watajikunyata karibu na msafara na mchezo utachusha. Tumeijaribu sheria hii mara mbili, na kelele hazikupungua. Manowari ilibidi ichague ni ipi kati ya nne iliyo hatarini zaidi. Maharamia nao walilazimika kutumia hila badala ya mizinga. Na mwenye merikebu ya biashara, mtoto wa Kidato cha Kwanza, alijificha wingu kwa wingu akaingia bandarini peke yake, wakubwa wakitazama.

Kura itapigwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mitihani, saa kumi alasiri, katika chumba cha jiografia. Wanachama wa Kidato cha Kwanza nao wana kura, ingawa wengi wao hawajaambiwa.