KOSA LA HESABU LISILIPWE KWA MAPAFU YETU



Kila tukilalamika juu ya vumbi na moshi kazini, twaonyeshwa karatasi: kompyuta imepiga hesabu, hewa ni safi. Je, kikohozi cha mfanyakazi ndicho kiongo? Hatukubali.

Hesabu hiyo, iitwayo modeli, haipimi hewa. Hukisia tu. Hulishwa habari za moshi na vumbi litokalo, za upepo, na za sura ya nchi. Ikilishwa uongo, hutoa uongo.

Tutazame kwetu Mghange. Mghange Dawida iko juu milimani, Mghange Nyika iko chini. Jina moja, hewa mbili. Lakini modeli za dunia nzima hugawa nchi kwa miraba. Ile ya CAMS ya Ulaya ina miraba ya kilomita 40 hivi. Mraba mmoja waweza kumeza Voi, Mwatate na Wundanyi pamoja, na mlima Vuria wenye mita zaidi ya 2,200 ukasawazishwa na nyika. Na kuni za jikoni, na vumbi la barabara zisizo na lami, nani aliyeziandika?

Wakubwa wakibanwa husema, "Modeli zote hukosea." Ni kweli, lakini kila kosa lina chanzo. Karani wa mshahara akikosea, hatutaki aongeze shilingi mbili mambo yaishe. Twataka afungue daftari.

Daftari hufunguliwa hivi. Mashine ya kupimia iwekwe penye watu, kisha ilinganishwe na hesabu saa kwa saa. Hesabu ikipungua alfajiri tu, tushuku hewa baridi inayofungia moshi bondeni. Ikipungua upepo ukitoka upande mmoja, huko huenda kuna tanuri au barabara iliyosahauliwa. Ikipungua saa zote, orodha ya moshi ikaguliwe kwanza. Jambo moja lirekebishwe kwa wakati mmoja, hesabu ipigwe upya. Na mashine yenyewe ikaguliwe, maana zile za bei rahisi hudanganywa na ukungu.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yaagiza kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 yatupa haki ya mazingira safi. Basi wajumbe wetu wa kamati waulize maswali matatu: Upepo mliutoa wapi? Moshi gani mliuhesabu? Mlipima wapi?

Asiyeweza kujibu asituletee karatasi.

Umoja ni nguvu!