Sola Bila Fundi ni Hasara

Tangu mwaka 1980 kisiwa cha Unguja kimekuwa kikipata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Pemba nayo ikaungwa na Tanga mwaka 2010. Wananchi wa Unguja hawajasahau kiza cha mwaka 2008, wala kile kilichoanza Desemba 2009 kikaendelea hadi Machi 2010, njia hiyo ilipopata hitilafu. Kwa hiyo hapana haja ya kumweleza mtu wa visiwani faida ya kuwa na umeme wake mwenyewe juu ya paa.

Lakini kununua sola ni jambo moja, na kuifunga ikadumu ni jambo jingine. Mtambo unapokufa, aghalabu lawama hutupiwa muuzaji au Serikali. Kwa maoni yetu, kinachostahili kutazamwa kwanza ni namna kilivyoungwa kile chombo kidogo kiitwacho kontrola, kinachokaa baina ya paneli na betri.

Kazi ya kontrola ni ulinzi. Paneli iitwayo ya volti 12, ikiwa juani bila ya kuungwa na chochote, hutoa volti zipatazo 21. Na betri ya asidi ya volti 12 haifai kuchajiwa kupita kiasi cha volti 14.4 hivi. Kontrola huuzuia umeme usizidi, na tena huzikata taa kabla betri haijakauka. Utaratibu wake ni huu: kwanza huungwa betri, ili kontrola ijue inahudumia betri ya volti ngapi, kisha paneli, mwisho taa. Wakati wa kufungua, mtu hurudi kinyumenyume. Anayeanza na paneli huipelekea kontrola umeme usio na pa kwenda, na huweza kuiharibu siku hiyo hiyo. Chanya iende kwa chanya na hasi kwa hasi. Na karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri iwekwe fyuzi, kwani nyaya zikigusana pasipo fyuzi, betri humwaga umeme kwa mkupuo, waya ukawaka na nyumba ikaungua.

Liko pia suala la unene wa waya. Kifaa cha wati 100 katika volti 12 huvuta zaidi ya ampea 8, ilhali katika umeme wa volti 230 kingevuta chini ya nusu ampea. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ukivutwa mita 10 kwenda na 10 kurudi, utapoteza njiani volti moja na zaidi, yaani kama sehemu moja katika kumi. Waya wa milimita 10 za mraba hupoteza robo tu ya hiyo. Waya mwembamba ukiwa kwenye njia ya kuchajia, betri haijai sawasawa, na betri ya asidi isiyojaa hufa upesi. Anayebania fedha katika waya huzilipa katika betri.

Tunayasema haya tukivifikiria vituo vya afya vya vijisiwa vyetu. Nyumba ikikosa taa, watu hulala mapema. Kituo kikikosa taa, mkunga humpokea mtoto kwa mwanga wa simu, na jokofu linalotegemea betri hupata joto, zikaharibika chanjo zinazopasa kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8. Mahali ambapo safari ya hospitali hungoja maji yajae na pepo zitulie, betri iliyokufa si jambo dogo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika wasiridhike kuhesabu paneli siku ya kukabidhiwa mradi. Mtambo usipokewe mpaka fundi aliyehitimu aupime na kutia saini yake. Mchoro wa nyaya, kwa Kiswahili, ubandikwe ukutani. Fedha za betri mpya zitengwe mapema, kwa kuwa hakuna betri idumuyo milele. Na kila shehia iwe na watu wake waliofunzwa. Hili linawezekana: Kibokwa, Kaskazini Unguja, akina mama wa vijijini wamefundishwa kufunga na kutengeneza sola.

Wananchi nao wana wajibu wao. Haifai kuiruka kontrola na kufunga redio moja kwa moja kwenye betri, wala kugeuza betri ya zahanati kuwa ya kuchajia simu za kijiji kizima. Upepo wa bahari una chumvi; basi ncha za betri zisafishwe na kupakwa grisi, na chumba chake kipitishe hewa.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Tusiidharau fyuzi wala waya, kisha tukaja kulilalamikia giza.