Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Huko Utah Alipona?

Kila tarehe 24 Julai, watu wa jimbo la Utah huko Marekani hufunga kazi na kusherehekea. Ndiyo siku ambayo, mwaka 1847, Brigham Young aliwasili na Wamormoni wenzake katika bonde la Salt Lake, baada ya safari ya zaidi ya maili 1,000 kwa magari ya kukokotwa na wanyama.

Mimi si muumini wa dhehebu hilo, ambalo leo lina wafuasi hata hapa Kenya, wala sina ugomvi nalo. Lakini naona kwamba sherehe hiyo ina funzo kwa kila mtu apendaye kusifu mababu waliohama.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba Wamormoni hawakuhama kwa anasa. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri kwamba wafukuzwe jimboni mwake au waangamizwe. Amri hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1976! Mwaka 1844 Joseph Smith, mwasisi wa kanisa lao, aliuawa na genge la watu akiwa gerezani Carthage, Illinois. Mnamo Februari 1846, wakati wa baridi kali, wakaanza kuuhama mji wao wa Nauvoo.

Maskini wao walitaabika zaidi. Mwaka 1856 wahamiaji kutoka Ulaya wasioweza kununua magari ya maksai walivuta mizigo yao kwa mikokoteni. Misafara miwili ilichelewa kuondoka, theluji ikaikuta njiani, na watu zaidi ya 200 wakafa kwa njaa na baridi. Asiyewahurumia watu hao hana moyo.

Hata hivyo, huruma isitufumbe macho. Katika msafara ule wa kwanza walikuwamo watu weusi watatu, Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Hao walikuwa watumwa. Waliosalia walikimbia dhuluma. Hao watatu walipelekwa na mabwana zao. Mwaka 1852 baraza la Utah likapitisha sheria ya kuukubali utumwa, nao haukukomeshwa huko mpaka Bunge la Marekani lilipoupiga marufuku mwaka 1862. Ajabu iliyoje! Waliokimbia kuonewa wakawafunga wenzao.

Je, na wenyeji? Aghalabu husimuliwa kwamba Wamormoni walikuta jangwa tupu, wakachimba mifereji, wakalistawisha. Mifereji walichimba kweli, na kazi yao yastahili sifa. Lakini nchi haikuwa tupu. Jina lenyewe Utah latokana na kabila la Waute. Kando ya Ziwa Utah waliishi Watimpanogo, wavuvi hodari. Walowezi walijenga ngome hapo mwaka 1849, na Februari 1850 askari wa Wamormoni wakawashambulia wenyeji hao na kuwaua wengi. Baadaye Waute wakasukumwa hadi bonde la Uintah, mbali na maji na malisho yao ya zamani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni alikuja akapona yeye, mwenyeji akaugua.

Wako watakaoniambia kwamba kufukua mambo ya kale ni kuharibu sherehe za watu. Nakataa. Babu hapungukiwi na heshima kwa kuelezwa alivyokuwa. Anayempunguzia heshima ni mjukuu amfanyaye malaika, kwani siku ukweli ujapo, sifa zote huanguka pamoja, hata zile alizostahili.

Tena watu wa Utah wenyewe wameanza kulitambua hilo. Mwaka 2022 walizindua mnara wa kuwakumbuka wale watumwa watatu, pamoja na Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyekuwa huru na aliyefika bondeni mwaka huo huo wa 1847. Mama huyo alifariki mwaka 1908, miaka 70 kabla ya kanisa lake kuwaruhusu wanaume weusi kupewa ukuhani.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia ifaayo. Msifuni aliyevuta mkokoteni thelujini. Lakini mtajeni pia aliyeendesha gari la bwana wake, na yule aliyekuwa akivua samaki ziwani kabla ya wote kufika.