Tuwarudishe kliniki ndugu zetu wenye kisukari

 

Ijumaa hii tumeona ni wajibu wetu kuzungumzia maradhi yasiyopiga kelele. Kisukari hakimwangushi mtu siku moja kama kipindupindu, wala hakiwatishi majirani wakaacha kuingia nyumbani. Kinakula macho, figo na mishipa ya miguu taratibu, na mwenye nacho huendelea kulima, kuchunga na kuswali safu ya mbele kana kwamba hana tatizo, hadi siku kidonda cha kidole kinapokataa kupona. Ni maradhi ya watu waliomo majumbani mwetu, na baadhi yao waliacha kwenda kliniki mwaka 2020, hawajarudi mpaka leo.

Tunayatazama haya kutokea Goweko, na si kutokea Dar es Salaam, kwa makusudi. Goweko ni kituo cha Reli ya Kati katika Wilaya ya Uyui, upande wa mashariki wa mji wa Tabora. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, ukanda huo ulikuwa katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikalivuka pori kame lililoitwa Mgunda Mkali, na kuingia Unyamwezi upande wa Tura. Katika njia hiyo ndimo Uislamu ulimoingia nchi ya ndani, na misikiti ya Tabora na Ujiji ni mashahidi. Mambo mengi yamebadilika tangu wakati huo, ila umbali umebaki. Mgonjwa wa Goweko anayetakiwa kumwona daktari katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, ana makumi ya kilomita mbele yake. Treni ya abiria ina siku zake, na nauli ya gari hutoka katika fedha ile ile ya tumbaku, alizeti au karanga iliyokusudiwa kununua daftari za watoto. Penye umbali wa namna hiyo, sababu ndogo tu hutosha kumfanya mtu aiache kliniki.

Mwaka 2020 ilikuja sababu kubwa. Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka huo. Nchi yetu haikuwafungia watu ndani kama walivyofanya wengine, na misikiti haikufungwa. Hata hivyo hofu haihitaji amri ya serikali. Wagonjwa wa kisukari walisikia redioni kwamba wao wako hatarini zaidi wakiambukizwa, na jambo hilo lilikuwa kweli: uchambuzi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 2022, uliohusu nchi 13 za Afrika, ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wa Uviko waliokuwa na kisukari walifariki asilimia 10.2, ilhali kwa wagonjwa wote wa Uviko kiwango kilikuwa asilimia 2.5. Basi aliyesikia hayo alifanya nini? Wengi walikaa mbali na mahali penye wagonjwa wengi, yaani hospitali, ambako ndiko dawa zao zilikokuwa. Hatuwalaumu. Walifanya kile walichodhani ni tahadhari.

Haikuwa Tanzania peke yake. Shirika hilo liliziuliza nchi 155 mwezi Mei 2020, na karibu nusu yake, asilimia 49, zilikiri kwamba matibabu ya kisukari yalikatika kwa kiasi fulani au kabisa. Watumishi walihamishiwa kwenye Uviko, kliniki za kawaida ziliahirishwa, na usafiri ukapungua. Kwetu sisi kulikuwa na jambo jingine la kusikitisha. Mpango wa Taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza ulizinduliwa Novemba 2019, miezi minne tu kabla ya Uviko kuingia. Kazi iliyokuwa inaanza kutambaa ilikutana na dhoruba.

Ukubwa wa tatizo wenyewe ulijulikana zamani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, asilimia 9.1 walikuwa na kisukari. Kwa hesabu ya kawaida, katika safu moja ya watu wazima msikitini yupo mmoja. Na mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya wenye maradhi haya barani Afrika hawajui kama wanayo.

Ni haki pia kusema yaliyo mema. Baada ya Uviko huduma hazikurudi kama zilivyokuwa, na katika baadhi ya mambo zimekuwa bora. Madaktari wa nchi nyingi walijifunza kwamba mgonjwa ambaye sukari yake imetulia hana haja ya kupanga foleni kila mwezi ili apewe vidonge vile vile. Anaweza kupewa dawa za miezi miwili au mitatu na kupigiwa simu katikati. Ipo pia nia ya kushusha huduma hizi kutoka hospitali kubwa hadi vituo vya afya na zahanati, ili sukari ipimwe karibu na anapoishi mtu. Agosti 2022 nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya mkakati wa kupeleka matibabu ya maradhi mazito yasiyoambukiza, kikiwemo kisukari cha watoto, katika hospitali za wilaya za vijijini. Tarehe 31 Januari 2024 serikali yetu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliokusudia kuwapata zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Mhudumu wa namna hiyo, akiwa mtoto wa kijiji, anajua nani aliacha kliniki na kwa nini.

Kwa watoto habari ni nzito zaidi, kwa kuwa wao aghalabu huishi kwa insulini, na wakiikosa siku chache hufa. Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, kimekuwa kikishirikiana na Wizara ya Afya katika kliniki za watoto hawa. Lakini insulini inataka ubaridi, na nyumba nyingi za vijijini hazina jokofu. Hapa tunayo furaha kuwaambia wasomaji wetu jambo ambalo bibi zetu wa Unyamwezi wangelicheka kwa kuwa walilijua kabla ya wataalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulivijaribu vyombo vya udongo kutoka nchi mbalimbali, ukaona kwamba mtungi uliolowa maji hupunguza joto vizuri, hasa penye hewa kavu. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo yaliyotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya: insulini iliyokaa majuma manne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Kwa hiyo mama aliyepewa chupa ya insulini asiache kuitumia kwa kuwa hana jokofu. Aulize kliniki namna ya kuihifadhi. Chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kitambaa kilicholowa juu, na chupa ikiwa ndani ya mfuko mkavu usiopitisha maji, ni jambo ambalo kila nyumba inaliweza.

Sasa tuseme kuhusu asali. Tabora ni nchi ya asali, na Qur'ani Tukufu katika Suratun Nahl imetaja kwamba katika kinywaji kinachotoka matumboni mwa nyuki mna ponyo kwa watu. Tunaamini hivyo bila shaka yoyote. Wapo wanaoichukua aya hiyo wakamwambia mgonjwa wa kisukari aache vidonge, anywe asali asubuhi na jioni. Asali hupandisha sukari ya damu, na mgonjwa aliyeifuata dawa hiyo tumemwona akipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Kusema kwamba kitu kina ponyo si kusema kwamba ni tiba ya kila maradhi kwa kila mtu kwa kipimo chochote. Mtume (SAW) alituamrisha tujitibu, akafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, na kuitafuta dawa hiyo kwa wanaoijua ni sehemu ya kumtii.

Jambo lililotusukuma zaidi kuandika ni Ramadhani. Mgonjwa aliyepotea kliniki tangu Uviko hana wa kumshauri, naye hufunga kama anavyoona, au kama anavyoambiwa barazani. Mmoja huacha dawa mwezi mzima akidhani sindano inafunguza. Mwingine humeza dozi yake yote alfajiri akashinda na njaa, na saa tisa alasiri huanza kutetemeka, jasho likamtoka, akapoteza fahamu shambani. Uchunguzi mkubwa uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi ulikuta kwamba wagonjwa wanane katika kila kumi wa kisukari cha ukubwani walifunga, na kwamba sukari kushuka kwa kiasi cha kumlaza mtu hospitali kuliongezeka mara saba na zaidi kwao katika mwezi huo. Futari nayo ina hatari yake: uji wenye sukari, maandazi, tende zisizohesabika, viazi vitamu, na matobolwa juu yake, vyote kwa mkupuo mmoja.

Sheria haikuwaacha watu hawa gizani. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa, na anayeikataa ruhusa ya Mola wake huku akijua itamdhuru hajajiongezea thawabu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah liliamua mwaka 1997 kwamba sindano ya chini ya ngozi isiyo ya lishe haifunguzi, wala kutolewa damu kwa ajili ya kipimo hakufunguzi. Mwaka 2009, katika kikao chake cha Sharjah, liliwagawa wagonjwa wa kisukari katika makundi manne kwa kadiri ya hatari waliyonayo: makundi mawili ya mwanzo hayatakiwi kufunga, na mawili ya mwisho hufunga kwa maelekezo ya daktari. Nani yuko kundi gani, hilo haliamuliwi na imamu wala na shemeji. Huamuliwa na anayempima. Na ambaye hatarajii kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini kila siku.

Ipo habari aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (RA), ya sahaba aliyepigwa na jiwe kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (SAW) alipopata habari alikasirika, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Tunawaomba maimamu na walimu wa madrasa wa Uyui, Sikonge, Urambo na kwingineko waikumbuke habari hiyo kila wanapoulizwa na mzee mwenye kisukari kama afunge au asifunge.

Misikiti yetu inaweza kufanya mengi zaidi ya kutoa fatwa. BAKWATA na jumuiya nyingine za Kiislamu zina mtandao unaofika hata pale ambapo barabara ni mbaya. Kamati ya msikiti inaweza, baada ya sala ya Ijumaa, kuuliza kwa staha nani katika jamaa alikuwa akienda kliniki na ameacha, kisha ikatuma vijana wawili waaminifu nyumbani kwake. Nauli ya kwenda Kitete na kurudi, kwa mtu fukara, ina nafasi katika zaka, kwani fukara na maskini ndio waliotajwa mwanzo katika wenye haki nayo. Mashine ndogo ya kupimia sukari na stripu zake zikinunuliwa kwa sadaka na kukabidhiwa zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji zitawafaa Waislamu na wasio Waislamu. Hospitali maarufu ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, iliendeshwa kwa mali ya wakfu na ilimtibu tajiri na fukara. Hatutarajii Goweko ijenge hospitali ya namna hiyo. Boksi moja la stripu halihitaji sultani.

Serikali nayo tunaikumbusha kwamba kushusha huduma hadi zahanati hakuna maana iwapo mgonjwa atafika akaambiwa dawa zimeisha, akanunue mjini. Atakwenda mara moja au mbili, kisha atabaki nyumbani, na safari hii hakutakuwa na Uviko wa kusingiziwa.

Wataalamu wanashauri kwamba mwenye kisukari anayekusudia kufunga amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani, ili apimwe, dozi na nyakati za dawa zipangwe upya, na ajaribu utaratibu huo mapema. Kwa hesabu hiyo kazi ya kuwatafuta na kuwasindikiza ndugu zetu inaanza Rajabu. Shaabani watu wengi huwa wamechelewa.