SETILAITI HUONA MAJANI, HAIONI PUNJE

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotugusa wakulima wadogo, yaani kukadiria wingi wa majani ya mazao kwa picha za setilaiti.

Mwaka juzi nililima eka mbili za mahindi, nikayakatia bima. Mvua za mwanzo zilikuwa nzuri na mahindi yakastawi. Yalipoanza kuchanua, mvua ikakatika wiki tatu. Iliporudi, majani yakapata tena uhai, na magugu nayo yakaota kwa fujo. Lakini siku ya kuvuna tulimenya mahindi yenye punje za kuhesabu. Nilipodai fidia nilijibiwa kwamba picha zilionyesha shamba langu ni la kijani.

Mimi sipingi sayansi. Jani zima hunyonya mwanga mwekundu wa jua na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho yetu. Chombo kilichoko angani hulinganisha mianga hiyo miwili, na wataalamu wakakadiria ardhi imefunikwa na majani kiasi gani. Kwa njia hii ukame hugunduliwa mapema katika nchi nzima, kazi ambayo mabwana shamba hawawezi kuimaliza kwa miguu.

Lakini kijani cha magugu na kijani cha mahindi hufanana mno vikitazamwa kutoka juu. Tena ukubwa wa picha ni muhimu. Chombo cha MODIS kilichorushwa mwaka 1999 kilipima majani kwa vipande vya mita 250 kila upande, yaani kama eka 15. Huko kwetu eka 15 ni mashamba ya kaya nyingi, pamoja na vichaka na njia ya ng'ombe! Setilaiti za Sentinel-2 za nchi za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, hupima vipande vya mita 10, kiasi cha vipande 40 kwa eka moja. Hapo shamba la mtu huonekana, ila mawingu yakitanda halionekani.

Kwa hiyo naomba wahusika wafanye mambo mawili. Kwanza, kila kijiji kiwe na mashamba machache ya mfano, bwana shamba ayakague wakati wa kuchanua na wakati wa kuvuna, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji pamoja na yale ya picha. Pili, kabla mkulima hajalipa ada ya bima aelezwe waziwazi kinachopimwa ni majani au ni mavuno, na kwa kipande cha ukubwa gani.

Setilaiti iwe msaidizi wa bwana shamba. Isiwe hakimu peke yake, kwani watoto wetu hawali majani ya mahindi.

Mkulima Mdogo,
Kongwa, Dodoma.